Tabasamu, Nijue Ulipo

Nabra aliyachuja maji ya rozela mara ya pili, ingawa yalikuwa safi tangu mara ya kwanza. Akayaonja kwa ncha ya kijiko, akaongeza sukari kidogo, kisha akasimama akiyatazama kana kwamba yalikuwa na la kumwambia.

Shangazi Saadiya alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko, akipanga vipande vya basbusa, keki tamu ya semolina, kwenye sinia, kila kipande na lozi yake katikati. Alimtupia jicho mpwa wake akacheka.

"Utachuja mpaka rangi itoke. Kwani mkwe wetu anakuja kukagua maji?"

"Shangazi, usiseme mkwe. Fatiha ya uchumba haijasomwa."

"Itasomwa leo leo. Baba yako amevaa ile kanzu yake ya Idi, na kilemba amekifunga mbele ya kioo, akakifungua, akakifunga tena. Mtu asiyetaka kumwoza binti hajisumbui hivyo." Akainamisha kichwa, akapunguza sauti. "Hebu nisikie tena lile neno lake. Lile la gizani."

"Shangazi!"

"Niambie tu, mimi mjane, nani ataniambia mengine?"

Nabra akatazama sebuleni, akaona baba yake yuko kwenye roshani, hasikii. Akanong'ona, "Tabasamu, nijue ulipo."

"Hee!" Shangazi Saadiya akajipiga kifuani. "Mwanamume akikwambia hivyo unabaki na nini tena?"

Nabra hakuwa mtu wa kuyumbishwa na maneno. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana, na tangu utoto alizoea kupita mitaa ya Kairo akiwa amefunga masikio. Alikuwa mweusi wa kung'aa, mweusi wa watu wao wa Nubia, na vijana wa vibarazani walikuwa na majina yao: chokoleti, makaa, usiku umeingia. Yote aliyajua, na yote alikuwa ameyapa kisogo. Ila neno la Rauf liliingia kwa mlango mwingine.

Ilikuwa siku aliyokwenda kwenye maduka ya vitabu vikuukuu pale Azbakia kumtafutia baba yake filamu moja ya zamani. Haji Shazli alikuwa na mazoea ya kusema, kila runinga ilipoonyesha picha za zama zile, "Kuna moja niliiacha katikati nilipokuwa mdogo. *Mkufu wa Shuhrat*. Mpaka leo sijui ilikwishaje." Hakusema zaidi, na nyumbani wote walidhani ni umeme uliokatika, au mkanda uliokatika, mambo ya sinema za kiangazi. Muuza diski alimshusha Nabra kwenye ghala lake la chini ya ardhi, na huko akamkuta mtu mmoja mwembamba, mwenye miwani, amechuchumaa kati ya maboksi. Huyo ndiye Rauf. Mchana aliuza vigae vya bafu. Saa zote zilizobaki alikuwa mwenda wazimu wa filamu za zamani. Alizikusanya kwenye diski, akazipanga kwa mwaka na kwa mwongozaji, na alimweleza Nabra, bila kuulizwa, kwamba nakala wanazoonyesha kwenye runinga zimekatwakatwa, na kwamba kamili iko ng'ambo, imesafishwa picha kwa picha, naye ameiagiza.

Hapo umeme ukakatika. Ghala likawa giza totoro. Nabra akasimama akiogopa kuangusha kitu. Ndipo sauti ile ikaja, ya chini, ya kubembeleza, "Tabasamu, nijue ulipo."

Na yeye akatabasamu. Gizani, hakuna amwonaye, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Hakusikia rangi ndani ya neno lile. Alisikia mtu anayemtafuta. Baadaye, walipokwisha kuzoeana, alimwuliza alilitoa wapi neno zuri namna ile, na Rauf akajibu, "Limekuja lenyewe." Tangu hapo kila simu yao iliishia nalo. Nabra alilala nalo kama mtoto anavyolala na mdoli.

Kengele ya mlango ikalia.

"Wamefika!" Shangazi Saadiya akainuka na sinia lake. "Vaa kiatu, wewe. Na usikae umeinama, shingo hiyo si ya kufichwa."

Bi Inayat, mama yake Rauf, aliingia akihema, mkono mmoja kifuani, mwingine umemshika mwanawe.

"Haji, taa ya ngazi yenu ina roho mbaya! Unabonyeza, inawaka, ukifika katikati inakuachia giza. Nimepanda nusu ya jengo kwa kupapasa ukuta."

"Karibu, Bi Inayat, karibu sana," alisema Haji Shazli. "Jengo ni la zamani kama mimi. Linachoka mapema."

Wote wakacheka, na Nabra akapumua. Rauf alivaa suti ya rangi ya kahawia, na begani alikuwa na mkoba mkubwa. Alipompa Nabra mkono alimtazama upesi, kisha akatazama chini, na masikio yake yakawa mekundu. Mazungumzo yakaanza kwa mbali kama ilivyo ada: joto, foleni, afya za watu. Bi Inayat aliisifu basbusa, akasifu mapazia, akamtazama Nabra juu mpaka chini, akasema, "Ana macho mazuri," kwa sauti ya mtu aliyetafuta sana la kusifu. Nabra aliliona hilo akalimeza. Si kitu. Rauf yuko.

Kisha Rauf akafungua mkoba. Akatoa deki ndogo nyeusi iliyofungwa taulo, waya, na kasha jembamba.

"Haji," alisema, "nilisikia kuna filamu uliiacha katikati. Nimekuletea yote. Kwenye runinga wanakata sehemu nzima pale karamuni. Humu imo. Hakuna kilichopungua."

Haji Shazli alilipokea lile kasha, akaliweka mbali na macho ili aone vizuri. Juu yake palikuwa na mwanamke mwenye nyusi za uzi na mkufu shingoni.

"*Mkufu wa Shuhrat*," alisema.

"Ndiyo, Haji. Leo utaona mwisho."

"Kumbe nzima bado ipo," alisema mzee, na akalirudisha kasha taratibu.

Rauf hakuona kitu. Alikuwa amekwisha kupiga magoti mbele ya runinga akiunga nyaya. Diski akaitoa kwa kushika kingo tu, akaipangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kwa upole kama anayempangusa mtoto uso. Nabra alimtazama akawaza: mtu anayeshika kitu hivi, mimi atanishikaje?

Filamu ikaanza. Na kwa kweli ilikuwa nzuri. Picha ilikuwa safi hata ungeweza kuhesabu nyuzi za shela. Shuhrat, mwimbaji, alishuka na kupanda ngazi za kasri. Tajiri mmoja mwenye masharubu alimfuata na maua. Bi Inayat aliimba pamoja na kila wimbo, na Shangazi Saadiya akajisahau akaitikia. Haji Shazli peke yake aliketi wima, mikono juu ya magoti, kama mtu aliye kwenye chumba cha daktari.

Ikaja karamu. Mkufu ukapotea. Taa za kasri zikazimika, wageni wakapiga mayowe. Katika lile giza tajiri akaita, "Bashir! Uko wapi, bawabu wee?"

"Niko hapa, bwana wangu!" Ilikuwa sauti nyembamba yenye kupinda maneno, kama wanavyopinda wachekeshaji wakijifanya Wanubi.

"Hapa wapi? Mbona sioni mtu? Tabasamu, nijue ulipo!"

Meno meupe yakatokea gizani. Tarumbeta ikalia kwa mzaha. Bi Inayat akaangua kicheko, akapiga paja.

Nabra hakuwa akitazama runinga. Alikuwa akimtazama Rauf, kama alivyokuwa akimwibia macho tangu mwanzo. Akaona midomo yake ikitembea. Alilisema lile neno pamoja na tajiri, chinichini, herufi kwa herufi, huku uso wake umejaa furaha ya mtu anayekutana na rafiki wa utotoni. "Tabasamu, nijue ulipo." Kwa sauti ile ile ya ghalani.

Nabra akayaondoa macho kwake.

"Nabra," alisema Shangazi Saadiya, na hakukusudia ubaya, lilimponyoka tu, "si ndilo neno lako hilo?"

Haji Shazli akamgeukia binti yake. Akamtazama tu, na katika kutazama kule Nabra aliona kwamba baba yake amekwisha kuelewa yote: neno, nani kalisema, na kwamba yeye Nabra alilipokea, akalifurahia, akalisimulia jikoni. Laiti angemkaripia. Nabra akainuka, goti likagonga meza, akakimbilia jikoni.

Kwenye runinga taa zilikuwa zimewaka, na bawabu Bashir alikuwa akishikwa ukosi, akiambiwa ndiye mwizi. Picha ilikuwa safi mno. Shingoni, juu ya kola, ulionekana mstari: hapo ndipo rangi waliyompaka yule mchezaji ilipoishia, na chini yake ngozi yake nyeupe ikaanza.

"Tazama," alisema Haji Shazli polepole. "Hata si mtu mweusi. Siku ile nilikuwa mbali, sikuona."

Rauf alibonyeza rimoti. Picha ikasimama. Alikuwa ameanza kusikia ukimya wa chumba, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga kitu laini gizani na bado hajui ni nini.

"Kuna nini? Imekwama?" aliuliza Bi Inayat. "Jamani, mbona mmenuna? Mzaha tu wa zamani. Watu walikuwa wakicheka, hata Wanubi wenyewe walicheka!"

"Ni kweli, Bi Inayat," alisema Haji Shazli. "Tulicheka."

Rauf akamfuata Nabra, akasimama kwenye kizingiti cha jiko bila kuthubutu kukivuka. Shangazi Saadiya naye akaja akasimama nyuma yake, kwani haikufaa waachwe wawili.

"Nabra, nisikilize."

"Ulijua?"

"Ni neno la nyumbani kwetu. Umeme ukikatika marehemu baba alikuwa akimwambia mama, mama akituambia sisi. Tulikuwa sote tukiambiana…"

"Ninyi sote mna rangi gani, Rauf?"

Rauf akatazama mikono yake.

"Nilikuuliza," alisema Nabra. Alikuwa ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. "Nilikuuliza umelitoa wapi. Ulinijibuje?"

"Nilisema… limekuja lenyewe."

"Limekuja lenyewe! Kwa hiyo ulijua limetoka kwenye filamu."

"Nilijua. Nilitaka uone ni langu. Lakini wallahi sikujua ni la nini. Nimeitazama filamu hii kwenye mkanda wa baba tangu sijajua kusoma, na pale kwenye giza sijawahi kumtazama yeye. Mimi hutazama ngazi. Shuhrat anashuka na mshumaa, na gauni lake…"

"Gauni."

"Nabra…"

"Mtu anatukanwa, wewe unatazama gauni. Halafu unachukua tusi lake unaniletea mimi, nami mjinga nalikumbatia." Akafungua bomba, akalifunga. "Unajua nimemwambia nani na nani? Nimemwambia shangazi. Nimewaambia walimu wenzangu. Nimejisifia tusi, Rauf, kama mtu anayejisifia kanzu huku mgongoni imechanika!"

Rauf alivua miwani, akaishika mkononi, hajui aiweke wapi. Macho yake bila miwani yalikuwa madogo, ya kitoto.

"Nenda kwa mama yako," alisema Shangazi Saadiya, bila ukali. "Nenda, mwanangu. Leo hakuna la kusemwa."

Sebuleni Haji Shazli alikuwa akimsindikiza Bi Inayat mlangoni kwa adabu zote. "Nimechoka kidogo," alikuwa akisema. "Fatiha haina haraka." Na Bi Inayat, kwenye ngazi, alisikika akimwuliza mwanawe kwa sauti kubwa, "Kwani tumesema nini? Rauf, si nakuuliza? Watu gani hawa hawataniwi?" Kisha taa ya ngazi ikazimika, na sauti yake nayo ikazimika.

Juma lile lilikuwa refu. Simu ya Rauf ililia, ikaachwa ilie. Ujumbe ukaja, ukaachwa bila kufunguliwa. Nabra alikwenda shule, akaandika hesabu ubaoni, na wenzake walipomwuliza juu ya Fatiha alisema baba hajisikii vizuri. Lakini jambo lililomtesa hasa hakuweza kumwambia mtu. Lilikuwa hili: bado alilitamani lile neno. Akizima taa ya chumbani, kabla hajakumbuka, mashavu yake yalikwisha kuanza kutabasamu. Halafu akakumbuka, akajigeuza ukutani, akaona haya mbele ya mto wake mwenyewe.

Jioni moja alimkuta baba yake roshani akimenya maharage mabichi, kazi aliyoipenda tangu astaafu benki. Akavuta kiti, akachukua konzi moja akaanza kumenya naye.

"Baba, umenikasirikia."

"Nimekukasirikia kwa lipi, mama?"

"Kwa kutojua."

Haji Shazli akatupa maganda kwenye gazeti. "Nikwambie kwa nini sikuimaliza ile filamu. Babu yako alikuwa bawabu kule Zamaleki, hilo unalijua. Siku ya mapumziko yake alinipeleka sinema ya kiangazi, ile ya juu ya paa. Alinyoa, akavaa kanzu mpya, akaninunulia mbegu za kutafuna. Tulikuwa Wanubi peke yetu kwenye safu ile. Ikafika pale. Watu wa mbele wakageuka, si kwa ubaya, kwa furaha tu, wakamwambia babu yako, 'Mzee, tabasamu, tujue ulipo!'"

Nabra aliacha kumenya.

"Na babu yako akatabasamu," alisema Haji Shazli. "Hilo ndilo lililonitoa pale, si wao. Aliwatabasamia, akaniangalia mimi, akaona nimemwona. Akaniambia twende nyumbani, mbegu zimekwisha. Hazikuwa zimekwisha. Mfuko ulikuwa umejaa." Akachukua ganda jingine. "Kwa hiyo usinieleze mimi habari ya kuona haya kwa kutabasamu. Nimeona haya kwa ajili ya mtu niliyempenda kuliko wote, halafu nikaona haya kwa kuona haya. Nimeyabeba mpaka mvi. Wewe yatue mapema."

Nabra aliweka kichwa kwenye bega la baba yake, na maharage yakaporomoka sakafuni, hakuna aliyeyaokota.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, kengele ikalia. Rauf alikuwa peke yake. Suti ile ile ya kahawia, lakini haikupigwa pasi. Alikuwa na mkoba wake, na mkononi kasha lile.

"Haji, sikuja kukaa," alisema akiwa bado mlangoni. "Nimekuja kuivunja diski hii mbele yako, halafu niende."

Shangazi Saadiya akatoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. Nabra alisimama nyuma ya pazia la ukumbi, mahali anapoweza kuona asionekane.

"Ingia," alisema Haji Shazli. "Umeiagiza kutoka wapi vile?"

"Ng'ambo. Niliisubiri miezi mingi."

"Na ukiivunja, nani atafaidika?"

"Mimi sitaiona tena, Haji. Nimeona aibu hata kuwa nayo rafuni."

"Aa. Kwa hiyo unaivunja ili wewe upone." Mzee akaketi kwenye kiti chake, akamwonyesha kingine. "Runinga nayo ilikata sehemu ile, wakaona vyema, wageni wasiudhike. Matokeo yake binti yangu akakua hajui tusi lile likoje, likaja kubisha hodi limevaa suti, akalifungulia mlango. Usivunje kitu. Kaa. Nina swali, na wewe ndiye mjuzi."

Rauf akaketi kwenye ncha ya kiti.

"Yule bawabu, Bashir. Wamemshika ukosi, wamemwita mwizi. Mkufu hatimaye unapatikana?"

"Unapatikana, Haji. Ndani ya kinanda."

"Na yeye inakuwaje? Miaka yote hii najiuliza. Tulipoondoka nilikuwa nikisema moyoni, labda tungekaa mpaka mwisho tungemwona akiwajibu. Aliwajibu nini?"

Rauf akaligeuza kasha mkononi. Mtu huyu alijua jina la fundi wa taa wa filamu ile. Alijua gauni la Shuhrat lilishonwa na nani na kwamba farasi wa onyesho la harusi aliazimwa.

"Juma lililopita ungeniuliza ningesema sijui," alisema mwishowe. "Nimeitazama tena juma hili, nikimtazama yeye tu. Kila asipokuwepo nikawa namsubiri." Akatazama zulia. "Harudi, Haji. Wanapomtoa nje ameshikwa ukosi, ndiyo mara ya mwisho. Mkufu unapatikana, wanacheza, wanaoana. Hakuna anayemtaja. Hakuna anayekwenda kumwambia si wewe mwizi."

Ndege wa mapambo wa jirani alisikika akilia roshani ya chini.

"Hakuna aliyemwomba radhi," alisema Haji Shazli.

"Hakuna." Rauf akasimama. Miwani ilikuwa imeingia ukungu. "Mimi nakuomba radhi, Haji. Si kwa niaba ya filamu. Mimi. Nililisema neno lile kwa furaha humu ndani kwako, mbele ya sinia lako. Na Shangazi, nakuomba radhi. Na Nabra, popote alipo anaponisikia, sitaki atoke. Namwambia nilimpa kitu kibaya nikamdanganya ni changu. Sikutaka kujua kinauma nani."

Shangazi Saadiya alijifuta macho kwa mkono wenye mwiko, akajipaka mchuzi shavuni.

"Na mama yako?" aliuliza Haji Shazli.

"Mama bado anasema ni mzaha. Nimemwambia nitakuja hapa naye akiwa tayari, au nitakuja bila yeye. Alilia. Nami nilimwonea haya, halafu nikajionea haya mwenyewe, kwani alichocheka yeye ndicho nilichokisema mimi."

Haji Shazli alimtazama kwa muda mrefu, na Nabra, nyuma ya pazia, alijua baba yake anamwona nani: mtoto kwenye paa la sinema, na mfuko wa mbegu uliojaa.

"Iweke," alisema mzee. "Nataka kuuona huo mwisho usio na haki. Niuone kwa macho yangu, niufunge."

Wakatazama, wawili, hakuna aliyeimba. Mkufu ukatoka kwenye kinanda, watu wakacheza. Mzee alipoona neno la mwisho alisema tu, "Basi," akamrudishia diski ndani ya kasha lake. "Ihifadhi. Ukimwonyesha mtu, mwambie kabla. Na Fatiha mimi siisomi wala siikatai. Aliyepewa neno ndiye mwenye jibu."

Rauf akaaga. Alipotoka mlangoni akabonyeza swichi ya ngazi, taa ikawaka, akaanza kushuka na mkoba wake.

Nabra hakukumbuka kulivuka pazia. Alijikuta yuko kwenye kizingiti, miguu mitupu, ameshika mwimo wa mlango. Chini yake viatu vya Rauf vilikuwa vikigonga mawe. Angemwita? Angemwambia nini? Moyo ulikuwa unauma na bado unampenda, na hilo nalo lilimwaibisha.

Taa ikazimika.

Viatu vikasimama. Giza likajaa ngazi nzima, na ndani yake, kati ya orofa yao na ile ya chini, neno lile lilikuwa limening'inia. Wote wawili walilisikia bila mtu kulisema. Mashavu ya Nabra, yale mashavu mapumbavu, yakangoja.

"Nabra?" Sauti ya Rauf ilikuwa kavu. "Nadhani uko hapo juu. Nimesikia mlango. Usiseme kitu kama hutaki. Mimi niko hapa, penye kona. Nimeshika ukuta. Mkono wangu wa kushoto una hilo kasha. Sioni chochote, na sitapanda wala sitashuka mpaka utakapotaka. Nimesema tu ili ujue nilipo."

Nabra alisimama. Akamwacha gizani kitambo, alijue lilivyo. Kisha akanyoosha mkono, akapapasa ukuta wa ubaridi mpaka vidole vikaikuta swichi, akaibonyeza.

Taa ikawaka. Rauf alikuwa pale pale alipojitaja, uso umeinuliwa. Nabra hakutabasamu. Alimtazama tu kutoka juu, uso wake mtulivu, mweusi, mchovu wa kulia, hauna hata jino moja linaloonekana.

Na Rauf alikuwa akimwona.